Mistari ya Penseli

Camborne, Cornwall
9 Januari 1933

Bwana Raine,

Hunijui, nami sikujui ila kwa maneno machache ya mume wangu, Hedley Penhale, ambaye unafanya naye kazi katika ghala la mbata huko Marovela. Aliniandikia: "Tumeletewa karani mpya, Cuthbert Raine, kijana wa Durham, miaka ishirini na mitatu. Amesoma sana, anaogopa kila kitu, na anakunywa maji." Nikasema moyoni, huyo anayekunywa maji ndiye nitakayemwuliza.

Mume wangu haandiki kama zamani. Hapa kwetu alikuwa karani wa mgodi wa bati miaka kumi na tisa, na watu walikuwa wakimwomba awaandikie kadi za arusi kwa uzuri wa mwandiko wake. Siku hizi, kabla ya kuandika, anapiga mistari kwa penseli na rula kama mtoto anayeanza shule, na hata hivyo herufi zinateleza. Katika barua ya Novemba alinisimulia kifo cha mbwa wake katika ukurasa wa kwanza, akanisimulia tena katika ukurasa wa tatu, kana kwamba mbwa alikufa mara mbili.

Je, ni mgonjwa? Likizo yake ni Oktoba. Binti yetu Tamsin ameisogeza arusi yake mpaka Desemba ili baba yake ampeleke mbele ya kanisa kwa mkono wake mwenyewe. Nataka kujua ni mtu gani atakayeshuka melini.

Hedley haijui barua hii, na ni vyema asiijue.

Loveday Penhale


Marovela, Visiwa vya Solomon
11 Machi 1933

Bibi Penhale mheshimiwa,

Barua yako nimeisoma mara nne, nikaificha ndani ya kamusi. Nitajibu kwa uangalifu, maana sipendi kusema jambo nisilo na hakika nalo.

Bwana Penhale si mgonjwa wa kulala kitandani. Huja kazini kabla yangu. Ni kweli kwamba asubuhi mkono wake hutetemeka, lakini hapa mikono ya wengi hutetemeka, na wenyewe husema ni kwinini, ile dawa ya malaria. Jioni saa kumi na mbili kengele ya klabu hulia, na sisi Waingereza kumi na mmoja wa kisiwa hiki hukusanyika kwa ajili ya dawa. Huo ndio utaratibu wa hapa.

Napenda ujue jinsi alivyonipokea. Siku yangu ya kwanza klabuni niliomba maji ya limau. Bwana Clavering, meneja wetu, aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Ati nini?"

"Maji ya limau, bwana."

"Jamani, tumeletewa askofu! Haya Baba Askofu, utatubariki au utatuhubiria?"

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Kukataa glasi ya mtu hapa ni kumkataa mwenyewe, na mtu hawezi kuwa na maadui kumi kwenye kisiwa anachokizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Bwana Penhale peke yake hakucheka. Alisema, "Mwacheni kijana. Maji hayajamwua mtu hapa. Nendeni makaburini mkaulize waliokufa walikunywa nini." Kisha akaninong'oneza, "Hata mimi nilikuja na maji yangu, mwanangu. Yalinitosha miezi minne."

Desemba nilipatwa na homa. Alikaa kitandani kwangu siku tisa, akininywesha supu kwa kijiko. Nusu ilimwagika shingoni, nusu ilifika. Kama niko hai leo, ni kwa mkono huo unaotetemeka.

Mimi mwenyewe sinywi. Nilitia sahihi kiapo kanisani nikiwa na miaka kumi. Kila meli ifikapo, Kampuni humpa kila mmoja wetu kasha la chupa kumi na mbili za wiski, na zangu sijazionja hata moja.

Tafadhali usiwe na wasiwasi.

Wako mtiifu,
Cuthbert Raine


Camborne
2 Mei 1933

Bwana Raine,

Mimi ni binti wa mchimba bati. Usinifunge kitambaa machoni. Ni dawa gani inayonywewa na watu kumi na mmoja, mgonjwa na mzima, kwa kengele moja?

Nitakuambia Hedley ni nani. Kila kiangazi kanisa letu la Kimethodisti huwapa watoto chai na mikate ya zafarani uwanjani. Hedley ndiye aliyekuwa akishika sinia, na utepe wa buluu wa watu wasiokunywa umebanwa kifuani. Baba yangu mzazi alipofika akinuka bia, Hedley alimpa mkate, akamwonyesha benchi la mwisho, mbali na watoto. Hedley alikwenda huko visiwani kwa sababu mgodi ulifungwa, si kwa sababu nyingine. Mtu huyo hawezi kunywa. Niambie kwamba hawezi.

Na kama anaweza, niambie pia, tena waziwazi, nami nitaiandikia Kampuni imrudishe kwa meli ya kwanza. Watu wa kanisani watasema. Wacha waseme.

L. Penhale


Marovela
24 Juni 1933

Bibi Penhale mheshimiwa,

Anakunywa.

Nimelikalia neno hilo saa nzima, na sasa limekwisha kuandikwa. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole na kusema ndiyo iliyomwangusha. Wote huanza hivi: Krismasi ya kwanza, glasi moja, kwa adabu. Halafu glasi ya saa kumi na mbili. Halafu ya saa sita mchana, kwa sababu ya joto. Halafu kidogo ndani ya chai ya asubuhi ili kalamu itulie. Bandu bandu huisha gogo. Watu wawili hapa walikuwa wahubiri makwao.

Mwezi uliopita alianguka gatini saa sita mchana, katikati ya magunia, mbele ya nahodha. Bwana Clavering aliona haya, akapeleka jina lake kwa hakimu. Hapa kuna sheria: mtu akitangazwa mlevi, jina lake hubandikwa mlangoni pa klabu na ukutani pa posta, na atakayempa kinywaji hutozwa faini. Tangazo hilo niliandika mimi. Niliambiwa mwandiko wangu ndio mzuri. Niliandika: Hedley Penhale, karani mkuu wa ghala. Asiuziwe. Asipewe.

Alisimama mbele yake akiwa na kofia mkononi. Nilikuwa nyuma yake, sina pa kujificha. Akasema, "Kazi safi, mwanangu. Herufi zimesimama wima zote."

Bibi Penhale, nakusihi usiiandikie Kampuni. Watamfukuza kwa barua, sababu itatajwa, na barua hiyo itamfuata mpaka kanisani kwenu. Sasa sheria imekwisha kufanya kazi yako. Kila mtu ameagizwa. Bado miezi mitatu na kidogo. Ataondoka kwa meli ya tarehe 6 Oktoba, naamini akiwa mtu yule wa sinia na mikate.

Cuthbert Raine


Camborne
14 Agosti 1933

Mpendwa Cuthbert,

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa nikalia, kisha nikaosha madirisha yote ya nyumba. Asante kwa neno lile moja. Kampuni sijaiandikia. Nimekuamini.

Ile tarehe 6 Oktoba Tamsin ameizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni. Suti ya Hedley ya Jumapili nimeianika juani, kwa lile jua tulilo nalo, na utepe wake wa pili nimeubana kifuani pa koti. Ule wa kwanza anao huko, ndani ya kibweta cha vifungo. Tamsin ananiambia, "Mama, utaumaliza utepe kwa kuupiga pasi!" Mkwe wangu mtarajiwa ni kijana mpole, masikio makubwa. Hedley atamtania. Nimeshaanza kuusikia utani wenyewe.

Mwambie tunamsubiri. Mwambie sijauliza kitu.

Loveday Penhale

Nimesahau. Barua yako ya Machi ilisema kila meli unapewa chupa kumi na mbili, nawe huzionji. Zinakwenda wapi? Kama ziko kabatini, zimwage baharini, mwanangu, kwa ajili yangu.


Marovela
3 Oktoba 1933

Bibi Penhale mheshimiwa,

Simu ya maandishi ya Kampuni itakuwa imekwisha kukufikia. Bwana Penhale alifariki tarehe 30 Septemba, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa homa. Cheti cha daktari kinasema hivyo. Tulimzika jioni ileile, kama joto la hapa linavyolazimisha. Bwana Clavering alisoma sala. Watu wote walihudhuria.

Vitu vyake vitaletwa na meli aliyokuwa asafiri nayo.

Nakupa pole, wewe na Tamsin, kutoka moyoni.

Cuthbert Raine


Marovela
16 Novemba 1933

Bibi Penhale,

Meli ya tarehe 6 Oktoba, iliyokuwa imchukue, ndiyo iliyoniletea barua yako ya Agosti. Swali ulilolisahau na kulikumbuka chini kabisa nimeishi nalo wiki sita. Meli moja imepita bila jibu langu. Kesho inaondoka nyingine.

Uliuliza zinakwenda wapi. Zilikwenda kwake.

Hapa mtu asiyekunywa hutoa mgao wake kwa anayekaa naye mezani. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, lakini kawaida ni kama sheria. Baada ya homa yangu nilimpelekea kasha zima. Nilijiona mwema. Nilitunza kiapo changu, nikalipa fadhila, yote kwa mkono mmoja.

Tangazo lilipobandikwa, nilidhani mambo yamekwisha. Jumapili ya kwanza alikuja barazani kwangu baada ya ibada, amenyoa vibaya, ana damu kidevuni.

"Raine, zile chupa huna kazi nazo."

"Bwana Penhale, tangazo nimeliandika mwenyewe."

"Najua. Asiuziwe, asipewe. Je, uliandika kwamba wewe usisahau?"

"Nisisahau nini?"

"Chupa. Nyuma ya tangi la maji. Kijana mwenye mambo mengi kichwani anaweza kusahau chochote." Akajaribu kucheka. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Nilikushika ukiwa na homa, nishike na mimi."

Nilisahau ya kwanza jioni ile. Kisha kila siku mbili nikasahau nyingine. Sikumpa, Bibi Penhale. Niliweka chupa nyuma ya tangi nikaondoka bila kugeuka, nikarudi ndani kukuandikia kwamba kila mtu ameagizwa. Tazama barua yangu ya Juni. Hakuna uwongo ndani yake. Niliipima kila sentensi.

Nilikuwa nikiogopa. Nilimwogopa hakimu, nilimwogopa Clavering, na zaidi nilikuogopa wewe. Kadiri Oktoba ilivyokaribia nilianza kuona ngazi ya meli, na wewe umesimama chini, unanusa. Tarehe 24 Septemba nilichukua chupa saba zilizobaki, nikazivunja mawe­ni pwani. Ngatu, mpishi wa Bwana Penhale, mtu wa kisiwa hiki, alikuwa akiosha sufuria.

"Bwana Raine, umemwuliza mtu?"

"Nimwulize nini?"

"Nyumba ikiegemea nguzo mbovu, huanzi kwa kuing'oa nguzo."

"Ngatu, angalia kazi yako."

"Naangalia. Sisi tukinywa tunafungwa. Ninyi mkinywa mnaletewa kasha jingine. Basi mimi nitajua nini?"

Bwana Penhale alipokuta nyuma ya tangi pako wazi, hakuniomba. Nilitegemea aniombe, nilikuwa nimeandaa maneno. Alisema tu, "Aa. Basi ni hivyo. Umefanya vyema," akaenda zake polepole akishika ukuta. Siku ya pili shuka zake zililowa jasho. Siku ya tatu alimwona yule mbwa wake darini, akamwita ashuke, akaniomba nimletee ngazi. Nilileta ngazi, Bibi Penhale. Sikujua la kufanya, nikaleta ngazi. Siku ya tano kifafa kilianza. Tulimtafunisha kipini cha kijiko cha mbao ili asijing'ate. Alipopata fahamu kidogo aliuliza, "Tamsin amekwisha kuvaa?" Nikamwambia bado. Akasema, "Asiharakishwe." Siku ya sita akafariki.

Daktari alifika kwa mashua kutoka kisiwa cha pili kesho yake. Alipokwisha kusikiliza aliuliza, "Nani aliyemkatia ghafla? Mtu wa namna hii hupunguziwa kidogo kidogo. Ukimkatia ghafla, mwili haustahimili." Bwana Clavering akasema, "Daktari, ana mke, ana binti, ana kanisa. Andika homa." Daktari alikuwa amechoka, akaniachia kalamu nimjazie cheti, akatia sahihi. Kwa hiyo lile neno homa utakaloliona kwenye cheti ni mwandiko wangu.

Sijui kama nilimwua kwa kumpa au kwa kumnyima. Hakuna wa kumwuliza. Natia ndani ya barua hii utepe wake wa buluu. Ulikuwa kibwetani, kama ulivyosema, umefungwa kwenye karatasi safi.

Siombi msamaha, kwa sababu sijui niuombe kwa lipi.

Cuthbert Raine


Camborne
10 Januari 1934

Cuthbert,

Barua yako ya Oktoba sikuijibu. Ilikuwa nadhifu mno. Hii ya Novemba nimekaa nayo siku tano, na Tamsin sijamwonyesha. Aliolewa Desemba, kimya kimya. Mjomba wake ndiye aliyempeleka.

Siku ya kwanza nilikuchukia. Nilisema maneno jikoni ambayo kanisani hayajulikani. Siku ya pili nilikwenda bandani kuchota makaa, nikabaki nimesimama na ndoo.

Nakuambia jambo nisilomwambia mtu yeyote. Mwaka 1930 Hedley alikuwa nyumbani likizo, miezi mitatu. Wiki ya pili nilikuta chupa nyuma ya makaa. Nikayarudisha makaa jinsi yalivyokuwa. Kila Jumamosi nikaenda, nikayaondoa, nikatazama imeshuka kiasi gani, nikaifunika. Na ilipokwisha ikaja nyingine, nikaifunika na hiyo. Jumapili nilikaa naye kiti cha mbele, nikimtilia peremende mdomoni kabla hatujatoka nyumbani. Nilihofu watu. Ningesema neno moja, asingerudi huko. Lakini siku ya meli ilipofika nilimshukuru Mungu kwamba imefika, nikampungia leso.

Nilipokuandikia kwamba mtu huyo hawezi kunywa, nilikuwa najua. Nilitaka wewe ndiwe useme.

Basi wewe ulisahau chupa nyuma ya tangi, nami nilisahau nyuma ya makaa. Usibebe mzigo wote peke yako kama gunia la mbata. Nusu yake ni yangu. Kukusamehe bado sijaweza. Nitaendelea kujaribu.

Lakini sikuandikii kwa hilo.

Barua yako ya Novemba ina mistari ya penseli. Umeifuta kwa raba, umeifuta kwa bidii, lakini niliinua karatasi dirishani nikaiona yote, kutoka juu mpaka chini. Ya Machi haina. Ya Juni haina. Nimezitoa zote nikazipanga mezani. Hata ya Oktoba, uliyoiandika siku tatu baada ya kumzika, haina.

Cuthbert, makasha yaliyokuja baada ya hapo yamekwenda wapi?

Usinijibu kwa uangalifu. Chukua karatasi tupu, weka rula mbali, uandike. Chumba cha Tamsin ni kitupu. Dirisha lake linaona mnara wa mgodi, si kitu cha kujivunia. Mama yako huko Durham umwandikie upendavyo. Mimi huna haja ya kunidanganya, na atakayekuuliza hapa nitamjibu mimi.

Loveday


Marovela
3 Machi 1934

Mama,

Karatasi hii haina mistari. Utaona mwenyewe maneno yanavyoshuka.

Yamekwenda kwangu. Nilianza wiki moja baada ya mazishi, siku niliyoisoma barua yako ya suti na utepe. Kengele ilipolia nilikwenda klabuni nikakaa kwenye kiti chake. Clavering aliniwekea glasi, akasema, "Karibu, Baba Askofu," na hakuna aliyecheka. Mwezi wa kwanza ilikuwa glasi ya saa kumi na mbili tu. Sasa ni hata ndani ya chai ya asubuhi. Kiapo changu nilikuwa nimekitunza miaka kumi na mitatu.

Chupa sijazivunja. Nimempa Ngatu kipimo, kikombe kidogo cha dawa, naye kila siku ananimiminia chini kidogo ya jana, huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayesafisha kidonda. Jana nilimtukana. Leo alikuja tena kwa saa yake.

Nimeomba kuondoka, na Kampuni imekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Meli ni tarehe 23 mwezi huu. Barua hii itatangulia.

Uliwahi kuniandikia kwamba unataka kujua ni mtu gani atakayeshuka melini. Safari hii siwezi kukuambia. Simama mahali nitakapokuona.

Cuthbert